Kwa Njia ya Tarishi: Safari ya Makanisa Saba ya Ufunuo

Jumapili jioni, Selçuk

Tumefika salama. Kutoka Dar es Salaam tulibadilisha ndege Istanbul, tukashuka Izmir, na kosta ikatuleta hadi Selçuk, mji mdogo ulio jirani na magofu ya Efeso. Sisi ni washarika tunaokutana kila Jumatano jioni kusoma Biblia, na tumekuja pamoja na mchungaji wetu na mkewe. Mwaka juzi tulianza kitabu cha Ufunuo, na sura ya 2 na ya 3, zenye barua kwa makanisa ya miji saba, zikatukamata. Tukawa tunarudi pale pale kila wiki. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama miji ile bado ipo. Ipo yote, au angalau mawe yake yapo, na yote saba imo magharibi mwa Uturuki. Tukaanza kuchanga.

Mpango wetu ni kufuata njia ya yule aliyebeba kitabu. Yohana alikuwa Patmo, kisiwa kidogo kilicho upande huu wa bahari. Tarishi aliyetoka huko angeshukia Efeso, bandari kuu ya jimbo la Kirumi lililoitwa Asia, apande kaskazini mpaka Smirna na Pergamo, kisha akunje kuelekea kusini mashariki kwa Thiatira, Sardi, Filadelfia na kuishia Laodikia. Ndivyo miji inavyotajwa kwenye Ufunuo 1:11, mmoja baada ya mwingine. William Ramsay, mtaalamu wa Uskoti aliyezunguka sana nchi hii, alilieleza jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1904, na ukiwa na ramani mkononi unaliona mara moja. Tumekubaliana kwamba katika kila mji tutasoma barua yake kwa sauti, papo hapo, kabla ya kusikiliza maelezo yoyote.

Jumatatu, Efeso

Tuliingia saa mbili asubuhi kwa lango la juu, kabla abiria wa meli za kitalii hawajafika kutoka Kuşadası. Barabara ya marumaru inateremka katikati ya mji, mawe yake yamelainika hadi yanateleza, na chini yake kabisa imesimama maktaba ya Celsus na nguzo zake. Ni jengo zuri mno. Lakini Paulo hakuliona. Celsus alikuwa gavana wa Asia. Mwanawe ndiye aliyemjengea maktaba hiyo mwanzoni mwa karne ya 2, na kaburi la baba likawekwa chini yake. Huo uso wa mbele tunaoupiga picha ulisimamishwa upya na wanaakiolojia wa Austria katika miaka ya 1970. Nimeliandika hili kwa sababu picha za mafundisho mengi humweka Paulo pale mbele akihubiri.

Mahali pa kumtafuta Paulo ni jumba la michezo, lililochongwa ubavuni mwa mlima, lenye nafasi ya watu wapatao 24,000. Tulipanda safu za juu kabisa, mzee wetu akabaki chini, akafungua Matendo 19. Hakuwa na kipaza sauti. Alisoma kwa sauti yake ya kawaida ya kanisani, na kila neno lilitufikia: Demetrio mfua fedha anawakusanya mafundi wenzake, Gayo na Aristarko wanakokotwa, umati unapiga kelele muda wa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu, na karani wa mji anawatuliza kwa kuwatisha na sheria ya Kirumi. Angalia Demetrio alianza na lipi. Alianza na riziki: utajiri wetu unatokana na kazi hii. Heshima ya mungu wa kike aliitaja baadaye. Katika masomo yetu tulikuwa tukilipita hilo haraka, na leo tumelizungumza hadi kiongozi wa ziara akatuita.

Hekalu la Artemi lenyewe liko nje ya mji, bondeni, mahali pa majimaji. Lilihesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Herostrato alilichoma mwaka 356 kabla ya Kristo ili jina lake lijulikane, likajengwa tena kubwa zaidi, Wagothi, wavamizi kutoka kaskazini, wakaliharibu katika karne ya 3, na baadaye likasahaulika kabisa hadi Mwingereza John Turtle Wood alipolifukua mwaka 1869. Leo kuna nguzo moja iliyounganishwa kwa vipande visivyolingana, na korongo amejenga kiota juu yake. Mama Mchungaji aliizunguka nguzo ile akasema, "Kumbe huyu ndiye waliyempigia kelele saa mbili."

Jambo kubwa la siku kwangu lilikuwa bandari. Ukisimama kwenye jumba la michezo, barabara pana yenye nguzo pande zote inakwenda moja kwa moja magharibi, urefu wa zaidi ya nusu kilomita, na mwisho wake ni matete. Hapo ndipo meli zilipotia nanga. Mto Kaistro ulileta tope mwaka baada ya mwaka, watu wakachimba, mto ukaleta tena. Sasa bahari iko kilomita kadhaa kutoka pale. Barua inasema, "Lakini nina neno juu yako, ya kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza," na onyo lake ni kuondolewa kwa kinara "katika mahali pake". Kwa watu waliokuwa wakipigana na tope ili mji wao ubaki bandari, onyo la kuondolewa mahali pake halikuhitaji ufafanuzi. Mwishowe walihama kweli, wakaenda kuishi kwenye kilima cha Ayasuluk, hapa Selçuk.

Karibu na bandari ile kuna jengo refu, kanisa la Mariamu, mahali pa Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 431. Nestorio, askofu mkuu wa Konstantinopoli, hakutaka Mariamu aitwe Theotokos, Mzazi wa Mungu; Kirilo wa Aleksandria alisimama upande wa pili, na Nestorio akavuliwa uaskofu. Swali lenyewe lilimhusu Yesu: aliyezaliwa na Mariamu ni Mungu kweli, au ni mtu aliyeunganishwa na Mungu? Maaskofu walishindana kwa ukali na kwa hila ambazo hazipendezi kuzisoma. Hata hivyo nashukuru swali liliulizwa, maana jibu lake tunaliimba kila Krismasi.

Jioni tulipanda Ayasuluk, kwenye magofu ya kanisa kubwa ambalo Kaisari Justiniani alilijenga katika karne ya 6 juu ya mahali panapoaminiwa kuwa kaburi la Yohana. Kuna bamba la marumaru na nguzo nne fupi. Tuliomba, tukarudi kula.

Jumanne, Izmir

Kabla ya kuondoka tulipita mlimani kwenye nyumba inayoitwa ya Mariamu. Ni kijumba cha mawe chini ya miti, kilichotambuliwa mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich, ambaye hakuwahi kufika Uturuki. Papa Paulo wa 6 alikuja mwaka 1967, Yohane Paulo wa 2 mwaka 1979, Benedikto wa 16 mwaka 2006. Yerusalemu nako kuna kaburi la Mariamu, katika bonde la Kidroni, na mapokeo yake ni ya kale zaidi. Maandiko hayasemi aliishia wapi. Nilichokiona kwa macho ni akina mama Waislamu wa Kituruki wakiingia na kutoka wakiwa wameinua mikono ya dua, bega kwa bega na Wakatoliki wa Ufilipino. Hilo lilinigusa kuliko hoja za nani yuko sahihi.

Smirna sasa ni Izmir, jiji kubwa la bandari, na katika miji yote saba ndio pekee ambao leo ni jiji kubwa. Soko la kale liko katikati ya majengo ya ghorofa. Tetemeko la mwaka 178 liliubomoa mji, na Kaisari Marko Aurelio akausaidia kujengwa upya baada ya mwandishi Aelio Aristide kumwandikia barua ya kuusihi. Tunaposhuka chini ya soko, kwenye matao ya ghala, maji bado yanapita kwenye mfereji wake wa mawe. Na kwenye lipu ya kuta zile wataalamu wamekuta maandishi ya watu wa kawaida: michoro ya meli, majina ya wapenzi, mafumbo ya hesabu.

Hapo nilisimama muda mrefu. Wagiriki waliandika tarakimu kwa herufi, kwa hiyo kila neno lilikuwa na jumla yake. Mtu mmoja wa Smirna aliandika ukutani kwamba neno Bwana na neno imani yana thamani sawa, 800 kwa 800. Nimejumlisha mwenyewe kwenye daftari, na ni kweli. Maandishi hayo yanawekwa mwanzoni mwa karne ya 2, na wapo wasomi wanaoona mkono wa Mkristo hapo. Ufunuo 13:18, penye 666, "hesabu ya kibinadamu", umewasumbua watu na kuwatisha kwa vizazi, kila kizazi na mnyama wake mpya. Kumbe wasikilizaji wa kwanza walicheza mchezo huo kwenye kuta za sokoni. Walijua jinsi ya kuhesabu jina, na wengi wa wasomi wanaamini jina lililohesabiwa ni la Kaisari Nero.

Kisha Polikapo, askofu wa Smirna. Ireneo, aliyekulia hukuhuku na baadaye akawa askofu wa Lyon, anasema alimsikia Polikapo akiwa kijana, na kwamba Polikapo alifundishwa na Yohana. Ignatio, askofu wa Antiokia, akipelekwa Roma chini ya ulinzi kwenda kutupiwa wanyama, alipumzika Smirna na kuandika barua nne kutoka hapa; baadaye alimwandikia Polikapo naye. Polikapo aliuawa karibu na mwaka 155. Askari walipomfikia shambani alikojificha, aliagiza wapewe chakula na kinywaji, akaomba apewe saa moja ya kusali. Walimpa, akasali mbili. Uwanjani gavana alimtaka aape kwa jina la Kaisari na kusema, "Waondoke wakana Mungu," maana Wakristo waliokataa kuabudu miungu ya mji waliitwa hivyo. Mzee yule aliutazama umati wote, akaunyoshea mkono, akasema, "Waondoke wakana Mungu." Alipotakiwa kumlaani Kristo alijibu: "Miaka 86 nimemtumikia, wala hajanitenda ubaya wowote. Nitawezaje kumkufuru Mfalme wangu aliyeniokoa?"

Barua ya Smirna tuliisoma ndani ya kanisa la Mtakatifu Polikapo, la Wakatoliki, lililojengwa katika karne ya 17 na kunusurika moto wa mwaka 1922 ulioteketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmenia. "Naijua dhiki yako na umaskini wako (lakini u tajiri)." Na tena: "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima." Kijana wetu wa kwaya alisoma, akashindwa kumaliza, mchungaji akammalizia. Huenda Polikapo mwenyewe, akiwa bado kijana, alikuwamo kati ya watu walioisikia barua hii ikisomwa kwa mara ya kwanza. Hesabu ya miaka inaruhusu.

Jumatano, Bergama

Kama kilomita 100 kaskazini. Pergamo ulikaa juu ya kilima chenye urefu wa zaidi ya mita 300 kutoka bondeni, na sasa unapandishwa kwa gari la waya. Baadhi yetu walifumba macho njia nzima.

Jumba la michezo la hapa limebandikwa kwenye mteremko mkali hivi kwamba kukaa safu ya juu kunahitaji moyo. Juu yake zamani ilikuwako maktaba iliyoshindana na ya Aleksandria. Mwandishi wa kale Plutarko anataja hati 200,000. Na kando kidogo, chini ya misonobari, kuna ngazi za msingi wa madhabahu kuu ya Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Madhabahu yenyewe haipo. Mjerumani Carl Humann alianza kuifukua mwaka 1878, na michongo yake ikapelekwa Berlin, ambako watu walilipa kiingilio kuiona hadi ukumbi wake ulipofungwa kwa ukarabati mwaka 2014. Inauma kuona ngazi tupu. Wenyeji wa Bergama wanaikumbuka, na wanaidai.

"Napajua ukaapo, ndipo penye kiti cha enzi cha Shetani." Hapa kikundi kiligawanyika. Wengine walisema ni madhabahu ile ya Zeu, kwa ukubwa wake. Wengine walisema ni hekalu la Asklepio, mungu wa tiba aliyechorwa akiwa na nyoka, lililo bondeni. Huko ndiko Galeni, tabibu mashuhuri aliyezaliwa Pergamo mwaka 129, alikoanza kujifunza tiba. Mimi nashikilia la tatu. Mwaka 29 kabla ya Kristo mji huu uliruhusiwa kujenga hekalu la Augusto na Roma, la kwanza katika jimbo zima. Zeu na Asklepio ungeweza kuwapita kimya bila mtu kukuuliza. Kaisari alikuwa na gavana, na gavana alikuwa na haki ya upanga, yaani ya kuhukumu kifo. Barua yenyewe inaanza na yeye "aliye na upanga huo mkali, wenye makali kuwili", kana kwamba inawaambia ni nani hasa mwenye upanga. Wanahistoria hawana ushahidi wa msako mkubwa wa nchi nzima wakati huo. Kilichotosha ni mji mmoja, mkuu mmoja, na jirani wa kukuchongea.

Na Antipa. "Antipa shahidi wangu, mwaminifu wangu, alipouawa kati yenu." Hilo ndilo tunalolijua juu yake. Mapokeo ya baadaye yanasema alichomwa ndani ya ng'ombe dume wa shaba, lakini Ufunuo haujaeleza. Katika barua zote saba ndiye muumini pekee aliyetajwa kwa jina lake halisi. Mchungaji alitutaka kila mmoja alitamke jina hilo, tukalitamka pale juu upepo ukivuma.

Majina mengine katika barua ya Pergamo ni ya lawama. Balaamu ni yule wa Hesabu 22, mwonaji aliyeajiriwa na Balaki mfalme wa Moabu awalaani Israeli, akashindwa kulaani, kisha kwa mujibu wa Hesabu 31:16 akawapa adui shauri la kuwanasa kwa njia nyingine. Wapo waliodhani ni mtu wa hadithi tu, lakini mwaka 1967 huko Deir Alla, Yordani, yalifukuliwa maandishi ya wino juu ya lipu, ya karibu karne ya 8 kabla ya Kristo, yanayomtaja Balaamu mwana wa Beori, mwonaji wa miungu. Wanikolai ni wagumu zaidi. Ireneo aliwahusisha na Nikolao wa Antiokia, mmoja wa wale saba wa Matendo 6. Wazee wengine wa kanisa walimtetea Nikolao. Tunachoweza kukishika ni kile barua inachokisema: nyama za sanamu na uasherati, yaani kukaa mezani pa mji bila kuulizwa swali.

Alhamisi, Akhisar na Sart

Thiatira haina mlima wala bahari. Magofu yake ni kiwanja kimoja kilichozungushiwa uzio katikati ya Akhisar, na maduka pande zote. Uliishi kwa ufundi. Maandishi yaliyopatikana yanataja vyama vya watia rangi, wasusi wa kitani, watengeneza ngozi, waokaji, wafinyanzi, wafua shaba. Lidia, muuza rangi ya zambarau aliyebatizwa na Paulo kule Filipi, alikuwa mwenyeji wa hapa. Kila chama kilikuwa na mungu wake na karamu zake, na asiyehudhuria karamu alijiweka katika hatari ya kukosa kazi. Sasa msome "yule mwanamke Yezebeli" aliyefundisha kwamba kula vilivyotolewa kwa sanamu si neno. Yezebeli wa kwanza alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni, mke wa Ahabu, aliyemwua Nabothi kwa ajili ya shamba la mizabibu. Huyu wa Thiatira nadhani alikuwa mwalimu mpole mwenye jibu rahisi kwa watu wenye watoto wa kulisha. Ndiyo maana alisikilizwa. Dada mmoja kati yetu, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, alisema barua hii ndiyo iliyoandikwa kwake, akaeleza kwa nini, lakini hayo ni yake.

Mchana tulifika Sardi. Huu ulikuwa mji mkuu wa Lidia, mji wa mfalme Kroeso na dhahabu ya mto Paktolo. Ngome yake ilikaa juu ya jabali ambalo kila mtu aliamini halipandiki. Mwanahistoria Herodoto anasimulia kwamba askari wa Koreshi alimwona mlinzi akishuka kuokota kofia yake ya chuma iliyoanguka, akaikariri njia, na mji ukaingiliwa upande usiolindwa, karibu na mwaka 546 kabla ya Kristo. Zaidi ya miaka 300 baadaye jeshi la Antioko wa 3 liliuteka kwa namna hiyohiyo: upande ambao hakuna aliyeulinda. "Usipokesha, nitakuja kama mwivi." Kila mtoto wa Sardi alizijua hadithi hizo mbili. Tulitazama jabali lile juu yetu, jekundu, linalobomokabomoka, na hakuna aliyehitaji mahubiri.

Kuna pia sinagogi, lililogunduliwa mwaka 1962, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyopatikana katika ulimwengu wa kale. Limeungana na bafu na uwanja wa mazoezi wa mji, mahali pa heshima kabisa. Tuliozoea kuwafikiria Wayahudi wa ugenini kama watu wa pembezoni, tulinyamaza. Na hapa alikuwa Melito, askofu wa Sardi katika karne ya 2, aliyesafiri hadi mashariki ili apate orodha sahihi ya vitabu vya Agano la Kale; ndiyo orodha ya kale zaidi ya Kikristo tuliyo nayo. Huyohuyo Melito, katika hotuba yake ya Pasaka, aliwashutumu Wayahudi kwa maneno makali ambayo baadaye yalizaa madhara makubwa. Namheshimu kwa orodha. Kwa maneno yale, hapana. "Una jina la kuwa hai, nawe umekufa."

Ijumaa, Alaşehir

Filadelfia ilianzishwa katika karne ya 2 kabla ya Kristo na wafalme wa Pergamo, na jina lake linatokana na Atalo wa 2, aliyesifiwa kwa kumpenda kaka yake Eumene. Leo ni mji wa zabibu. Mashamba yanaanza kilomita nyingi kabla hujafika. Kitu cha kuona ni nguzo chache nene za mawe na matofali, mabaki ya kanisa la Mtakatifu Yohana, zimezungukwa na nyumba za watu. Bibi mmoja alitutazama kutoka barazani mwake tukisoma, akaingia ndani, akatoka na sahani ya zabibu kavu.

Mwaka 17 tetemeko kubwa liliipiga Sardi, Filadelfia na miji mingine mingi, Kaisari Tiberio akaipa nafuu ya kodi. Mwanajiografia Strabo anaandika kwamba kuta za Filadelfia zilikuwa zikipasuka kila mara, na watu wengi waliona heri kukaa nje, mashambani. Watu waliozoea kukimbia nje ya mji wao wanaambiwa: "Yeye ashindaye, nitamfanya kuwa nguzo katika hekalu la Mungu wangu, wala hatatoka humo tena kabisa." Nilishika ile nguzo ya matofali kwa viganja viwili.

Usiku huu, hotelini Denizli, tumelijadili jambo ambalo naona ndilo kiini cha safari. Katika makanisa saba, mawili hayakukemewa hata kidogo: Smirna lililokuwa maskini na Filadelfia lililokuwa na "nguvu kidogo". Sasa tazama historia. Filadelfia ulishikilia peke yake, ukiwa umezungukwa pande zote, hadi mwaka 1390 ulipotekwa na Sultani Bayezid wa 1, miji mingine ya Kibizanti, yaani ya dola ya Kikristo ya Konstantinopoli, ya magharibi mwa nchi hii ikiwa imeshaanguka. Smirna umekuwa na Wakristo wakati wote, na hata baada ya maafa ya 1922 kengele zipo. Sisemi kwamba kuanguka kwa mji ni adhabu. Wakristo wengi waliotoweka huku waliuawa au walihamishwa bila kosa lolote. Ninasema tu kwamba kanisa dhaifu halikufa upesi kama lilivyotarajiwa, na usharika wetu, ambao kila mwaka unahesabu fedha ya paa, uweke hilo moyoni.

Jumamosi, Hierapoli na Kolosai

Hierapoli hautajwi kwenye Ufunuo, ila uko ng'ambo ya bonde, mkabala na Laodikia. Maji ya moto yanatoka ardhini na kuacha chokaa nyeupe mlima mzima. Tuliingiza miguu, ni moto wa kupendeza, na tangu zamani wagonjwa walikuja kuoga. Juu kuna magofu ya kanisa la pembe nane la Filipo, na mwaka 2011 mwanaakiolojia wa Italia Francesco D'Andria alitangaza kwamba amelipata kaburi lake karibu na hapo. Filipo yupi? Polikrate, askofu wa Efeso mwishoni mwa karne ya 2, anasema ni yule mtume, pamoja na binti zake. Lakini mwenye binti wanaotabiri katika Matendo 21 ni Filipo mwinjilisti, mmoja wa wale saba. Naamini wawili hao walichanganywa mapema sana.

Kolosai ni kilima kitupu kama kichuguu kikubwa, na nyasi. Kwa muda mrefu hakukuchimbwa. Lakini ni kwa Filemoni na Onesimo na Epafra, watu wa nyaraka za Paulo! Chini yake panapita maji baridi kutoka mlimani. Dereva wetu alijaza chupa zetu.

Jumapili, Laodikia

Kwa hiyo tumeonja yote mawili: moto wa Hierapoli na baridi ya Kolosai. Laodikia ulikuwa katikati, bila chemchemi yake. Maji yalisafirishwa kwa mabomba ya mawe, na mabomba hayo bado yapo, yameziba kwa chokaa hadi tundu linabaki dogo. Niliingiza kidole. Kuna hata sheria ya maji ya mwaka 114, imechongwa kwenye marumaru, yenye faini kubwa kwa atakayeharibu mabomba. "Ingekuwa heri kama ungekuwa baridi au moto." Miaka yote nilifundishwa kwamba baridi ni mtu asiyeamini na moto ni mwenye bidii, nami sikuelewa kwa nini Bwana apende baridi. Hapa panaeleweka: moto huponya, baridi huburudisha, na vuguvugu la chokaa halimfai mgonjwa wala mwenye kiu.

Mji huu ulikuwa tajiri wa benki na wa sufu nyeusi, na jirani yake palikuwa na shule ya tiba. Tetemeko la mwaka 60 lilipoubomoa, mwanahistoria Mrumi Takito anaandika kwamba ulijiinua kwa mali yake bila msaada wa Roma. "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Pana majumba mawili ya michezo, uwanja wa mbio, na kanisa la karne ya 4 lililogunduliwa mwaka 2010, ambalo sasa limefunikwa paa, unatembea juu ya vioo ukiona nakshi za sakafu. Kuna pia kipande cha nguzo kilichochongwa kinara cha Kiyahudi chenye matawi saba, na juu yake mtu baadaye akachonga msalaba.

Ibada yetu ya Jumapili tuliifanya kivulini nje ya kanisa hilo, bila ngoma, nyimbo mbili tu za kitabuni. Mchungaji alihubiri juu ya Ufunuo 3:20: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Mstari huu kwetu ni wa mikutano ya injili, anaitwa mtu asiyeokoka aufungue moyo. Mchungaji akatuuliza barua ina anwani ya nani. Ya malaika wa kanisa lililoko Laodikia. Aliye nje ni Yesu, na walio ndani ni waumini, wameshiba, mlango umefungwa. Mzee wetu wa kanisa alisimama akaomba, kwa majina, kwa ajili ya baraza la wazee la usharika wetu, kamati ya ujenzi, kwaya zote, na mwisho akajitaja mwenyewe. Kisha tukapanda kosta kwenda uwanja wa ndege.